PICHA YA MRI: TUULIZE NINI KABLA YA KUCHANGA?



Hivi karibuni tulikaa na kikundi kimoja hapa Chala kwenye mkutano wao wa kila mwezi. Baada ya pesa za merry-go-round kuhesabiwa, mwenyekiti alileta jambo la dharura. Mtoto wa mwanachama mmoja, wa miezi minne, kichwa chake kilikuwa kinakua upesi kuliko mwili. Mama yake alikuwa amerudi kutoka hospitali na barua ya rufaa, na ndani yake kuliandikwa herufi tatu: MRI. Watu wakaanza kupiga hesabu. Nauli ya kwenda Mombasa na kurudi, mahali pa kulala, chakula, na hiyo picha yenyewe. Ndipo mzee mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. "Samahani wanangu, mimi nataka kuelewa. Hiyo picha itamtibu mtoto, ama ni picha tu?"

Kimya. Mweka hazina akasema, "Mzee, hata sisi hatujui." Yule mama akatutazama sisi wa jarida, na sisi pia hatukuwa na jibu.

Swali la mzee hatukuliacha pale. Tuliwauliza wenye ujuzi, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa sababu vikundi vingi vinachangia picha za hospitali bila kujua zinafanya nini, na pia kwa sababu wengine wanaogopa mashine hii na kumficha mtoto nyumbani. Yote mawili yana hasara.

KUONA NDANI BILA KUPASUA

Sisi wa Chala tuna mfano karibu. Ziwa letu kila mtu analijua: kingo zimesimama kama ukuta, maji ni mengi, na chini hapaonekani. Mwaka 2016 watafiti walikuja na mtambo wakachimba tope la chini ya ziwa ili kusoma habari za mvua na ukame wa miaka mingi iliyopita. Lakini kabla ya kuchimba, wenzao walikuwa wametangulia. Walipeleka sauti chini ya maji, wakasikiliza mwangwi unavyorudi kutoka kwenye matabaka ya tope. Kwa njia hiyo walijua pa kuchimba. Hawakumwaga maji ya ziwa ili waone chini.

MRI nayo hupeleka kitu ndani na kusikiliza kinachorudi. Tofauti ni kwamba haitumii sauti, inatumia sumaku na mawimbi ya redio. Na inachosikiliza hasa ni maji yaliyomo mwilini.

Hebu tueleze pole pole. Maji yana hidrojeni ndani yake. Kiini cha hidrojeni kinatenda kama kijisumaku kidogo mno. Kwa kawaida vijisumaku hivi vinaelekea kila upande, kama ng'ombe waliotawanyika malishoni. Ukimlaza mtu ndani ya sumaku kubwa, vinavyoelekea upande mmoja vinazidi kidogo vile vya upande mwingine. Kisha mashine inapiga wimbi la redio, na vijisumaku vinayumba. Wimbi likikatika, vinarudi mahali pake, na katika kurudi vinatoa wimbi lao dogo. Antena inalinasa, kompyuta inaligeuza kuwa picha.

Lakini mashine inajuaje wimbi limetoka upande gani? Sumaku inafanywa iwe na nguvu zaidi upande mmoja. Basi maji ya upande wa kulia yanatoa sauti tofauti kidogo na maji ya kushoto, kama ngoma mbili zilizowambwa kwa mkazo tofauti. Mwenye sikio anajua ni ngoma gani imepigwa.

Na inatofautishaje ubongo na maji, au nyama nzima na nyama gonjwa? Angalieni shamba baada ya mvua. Mchanga unakauka mapema, mfinyanzi unakawia. Vijisumaku pia, kwenye mafuta vinatulia upesi, kwenye maji matupu vinakawia. Mashine inapima kukawia huko.

Kwa hiyo tuondoe hofu ya kwanza: MRI haitumii mionzi ya eksirei. Skani ya CT ndiyo hutumia mionzi hiyo. Mtoto wa kichwa kikubwa anaweza kuhitaji picha nyingi katika maisha yake, na hiyo ni sababu moja ya madaktari kupenda MRI pale inapopatikana.

HATUA YA KWANZA: CHUPA YA MAJI

Mzee mwingine alituuliza, "Sasa nani alikubali kuwa wa kwanza kuingia kwenye sumaku?" Jibu ni kwamba wa kwanza hakuwa mtu.

Mwaka 1973 mwanasayansi wa Marekani, Paul Lauterbur, alichapisha picha iliyotengenezwa kwa njia hii. Picha yenyewe ilikuwa ya mirija miwili myembamba yenye maji. Basi, si zaidi. Mtu angecheka, ati mwanasayansi mzima anapiga picha maji. Lakini yeye na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi iliyoanzia hapo.

Kwa nini maji ya mrija? Kwa sababu ukweli wake tayari unajulikana. Mnajua mizani ya sokoni inavyokaguliwa: mkaguzi anakuja na jiwe la kilo moja ambalo halina ubishi. Mizani ikisema kilo na robo, kosa ni la mizani. Mpaka leo watafiti wa MRI huanza na chupa za maji ama vichwa bandia. Chupa ikiwa ya mviringo na picha ikatoka kama yai, mashine inasema uongo. Ni heri iseme uongo juu ya chupa kuliko juu ya mtoto.

HATUA YA PILI: PANYA

Chupa haiugui. Haina damu, haipumui, haina malaria. Kwa hiyo baada ya chupa kuna watafiti wanaofanya kazi na wanyama wadogo, hasa panya. Kazi hii inaitwa utafiti wa kabla ya mgonjwa, kwa vile inafanyika kabla ya jambo kupelekwa kwa binadamu.

Mapema mwaka 1971, Raymond Damadian wa Marekani alichapisha vipimo vya nyama za panya. Alionyesha kwamba vijisumaku kwenye uvimbe wa saratani vinakawia kutulia kuliko kwenye nyama nzima. Hapakuwa na picha bado, lakini wazo la kutafuta ugonjwa kwa njia ya sumaku lilipata nguvu.

Siku hizi mashine za panya ni za pekee. Tundu lake ni dogo, lakini sumaku yake mara nyingi ni kali kuliko ya hospitali. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla. Mashine nyingi za hospitali ni za tesla 1.5 au 3. Za panya ni za tesla 7, 9.4 na hata zaidi. Sababu ni ukubwa wa kinachotazamwa: ubongo wa panya mdogo wa maabara una uzito wa karibu nusu gramu tu.

Mtafiti wa kazi hii siku yake inakuwaje? Anampima panya uzito. Anamlaza kwa hewa ya usingizi, maana panya hawezi kuambiwa atulie. Anamwekea kipimo cha pumzi, na anampa joto, kwa sababu mnyama mdogo akilala usingizi wa dawa anapoa haraka. Kisha anapiga picha na kumwamsha. Baada ya siku kadhaa anarudia, panya yule yule. Hapo ndipo faida ilipo. Zamani ilibidi kuua mnyama mmoja kila ulipotaka kujua ugonjwa umefika wapi. Kwa MRI, mnyama mmoja anaonyesha mwanzo, katikati na mwisho, kwa hiyo wanyama wanaotumiwa wanapungua. Tangu mwaka 1959 wanasayansi Russell na Burch waliandika kanuni tatu ambazo bado zinafuatwa: badilisha mnyama kwa kitu kingine ukiweza, punguza idadi, na punguza maumivu.

Sisi tunaokaa Taveta tuchukue mfano wa malaria ya kichwa. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa walichapisha picha za MRI za panya wenye ugonjwa unaofanana nayo. Waliona bongo za panya hao zimevimba kwa maji, na damu haipiti vizuri. Lakini tusikimbie. Kimelea cha malaria cha panya si kile cha binadamu, na yako mengi yaliyomponya panya yakashindwa kwa mtu. Panya alitoa swali tu: je, na watoto wetu wanavimba ubongo hivyo?

HATUA YA TATU: WATOTO WENYEWE, MALAWI

Jibu lilikuja kutoka Afrika. Mwaka 2008 hospitali kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, ilipata mashine ya MRI. Daktari Terrie Taylor na wenzake, Wamalawi kwa Wamarekani, wakaanza kuwapiga picha watoto waliolazwa na malaria ya kichwa. Mwaka 2015 walichapisha matokeo. Kati ya watoto 168 waliochunguzwa, 25 walifariki, na 21 kati ya hao 25 ubongo wao ulikuwa umevimba sana. Miongoni mwa waliopona, wengi waliokuwa wamevimba mwanzoni uvimbe wao ulishuka.

Mashine ile haikuwa kali. Ilikuwa na tesla 0.35, chini ya robo ya ile ya kawaida. Hata hivyo ilijibu swali ambalo lilisumbua madaktari miaka mingi: watoto hawa wanakufa kwa nini? Sasa watafiti wanajua watafute tiba ya nini.

Hapo ndipo tulipopata funzo la kwanza la jibu la mzee. Picha njema si lazima iwe ile inayong'aa kuliko zote. Picha njema ni ile inayojibu swali na kubadilisha uamuzi.

KARIBU NA SISI: MBALE NA MBARARA

Turudi kwa mtoto wa kichwa kikubwa. Ubongo hutengeneza maji yake kila siku, na maji hayo yana njia ya kutoka. Njia ikiziba, maji yanajaa, kichwa kinatanuka na ubongo unabanwa. Si uchawi na si laana. Nchini Uganda, hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, upande wa pili wa Mlima Elgon, imetibu watoto wa namna hii tangu mwaka 2001. Huko Daktari Benjamin Warf aligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto aliowaona walipata shida hii baada ya maambukizi, mara nyingi katika wiki za kwanza za maisha. Wengine walizaliwa nayo, na wengine walikuwa na mgongo wazi.

Upasuaji uko wa namna mbili. Wa kwanza ni kuweka mpira mwembamba unaotoa maji kichwani na kuyateremsha tumboni. Unasaidia, lakini mpira unaweza kuziba wakati wowote, na aliye mbali na hospitali anaweza kuchelewa. Wa pili, ambao Warf aliuendeleza Mbale, ni kuingiza kamera ndogo, kutoboa njia mpya ya maji, na kuchoma sehemu ya nyama inayotengeneza maji hayo. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya watoto 100 wa Uganda waliogawanywa kwenye njia hizi mbili. Baada ya miezi 12, maendeleo ya akili ya makundi yote mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa hiyo daktari anaweza kuchagua kwa kutazama hali ya kila mtoto. Na ili achague, anahitaji picha.

Shida ni mashine. MRI nyingi za hospitali zinataka heli ya maji, baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Zinataka umeme usiokatika, chumba kilichozungushiwa shaba ili mawimbi ya nje yasiingie, na fundi. Sisi tunaojua stima ya kupotea mvua ikinyesha tunaelewa.

Hapo anaingia mhandisi wa Uganda, Johnes Obungoloch, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Alisoma shahada ya uzamivu Marekani, chuo cha Penn State, na kazi yake ilikuwa hii hasa: kubuni MRI nafuu kwa ajili ya watoto wachanga wenye maji kichwani. Yeye na wenzake hawakuuliza, "Tutapataje mashine kali kama ya matajiri?" Waliuliza, "Daktari wa Mbale anahitaji kuona nini ili aamue?" Anahitaji kuona maji yako wapi na ubongo uko wapi. Maji na ubongo vinatofautiana sana, kwa hiyo hata sumaku dhaifu inaweza kuvitenganisha.

Mwaka 2022 kikundi chake kilishirikiana na Waholanzi wa Leiden na Delft. Vipuri na vifaa vya kazi vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi mpaka Mbarara. Sumaku haikuwa moja kubwa ya kupozwa. Ilikuwa vipande vidogo vingi vya sumaku ya kudumu, vilivyopangwa kwenye pete 23, pete baada ya pete. Haitaki heli, haitaki baridi. Wakufunzi walikuwa 4, na waliofundishwa kazi walikuwa 6 ambao hawakuwahi kujenga kitu kama hicho. Tangu mizigo kufika mpaka picha ya kwanza kutoka, zilipita siku kama 11.

Nguvu yake ni tesla 0.05, yaani mara 30 chini ya ile ya tesla 1.5. Wimbi lake ni kama megahezi 2, jirani kabisa na pale medium wave ya redio inapoishia. Mnakumbuka redio ya medium wave ikikaa karibu na jenereta inavyokwaruza? Mashine hii nayo inasumbuliwa vivyo hivyo, na kuizuia isisumbuliwe ni sehemu kubwa ya kazi ya wahandisi. Thamani ya Mbarara iko hapa: watu wetu wameijenga kwa mikono yao, kwa hiyo wanajua kuifungua na kuitengeneza. Ni mashine ngapi za msaada zimekaa kwenye stoo kwa kukosa kipuri kimoja?

Lakini tusidanganyane. Mashine kujengwa si sawa na mashine kuruhusiwa kutibu. Kutoka picha ya kwanza mpaka hospitali ya kawaida kuna vipimo, vibali na miaka.

JIHADHARI NA PICHA ILIYOPAMBWA

Kuna jambo moja lilitushtua. Picha ya sumaku dhaifu inakuwa na ukungu. Siku hizi kompyuta zinaweza kufundishwa kuisafisha ionekane kali, kama mpiga picha wa mjini anavyoondoa makunyanzi. Mwaka 2021 watafiti wa kundi hilo la Penn State, pamoja na wataalamu wa Mbale, walitoa uchunguzi juu ya jambo hili. Waliwaonyesha madaktari wazoefu picha zilizofifishwa, na nyingine zilizosafishwa na kompyuta. Kumbe picha zenye ukungu mara nyingi zilitosha kupanga matibabu. Zile zilizosafishwa zilipendeza macho, lakini nyingine zilikuwa na makosa, na uzuri wake ungeweza kumfanya daktari aziamini.

Picha yenye ukungu inakiri kwamba haijui. Iliyopambwa inaweza kukosea kwa ujasiri. Ndiyo maana chupa ya maji ingali kazini mpaka leo.

SASA VIKUNDI VIFANYE NINI?

Yule mama alirudi hospitali na swali la mzee mkononi. Alijibiwa vizuri. Ultrasaundi iliyopitishwa kwenye utosi, ambao kwa mtoto mchanga bado uko wazi, ilikuwa imeshaonyesha kwamba maji yamejaa. MRI ilitakiwa ionyeshe njia imeziba wapi, ili daktari wa upasuaji achague kati ya mpira na kutoboa. Kikundi kilichanga kikijua kinachangia nini. Mtoto alifanyiwa upasuaji na sasa yuko nyumbani. Bado anakwenda kliniki, na mama yake anapima kichwa chake na kuandika kwenye daftari.

Kutokana na hayo tunawashauri hivi:

1. Kabla ya harambee, ulizeni kwa heshima: picha hii itabadilisha uamuzi gani? Je, kuna kipimo cha bei nafuu, kama ultrasaundi, kinachotosha kwanza? Picha ikitoka, nani ataisoma, na matibabu yatapatikana wapi? Msichangie picha mkasahau nauli ya matibabu. Hapa nchini hospitali ya AIC Kijabe inajulikana kwa upasuaji wa watoto wa kichwa kikubwa na mgongo wazi.

2. Ulizeni gharama mapema. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Hakikisheni mtoto ameandikishwa chini ya mzazi, mkaulize hospitali yenyewe ni nini kitalipwa.

3. Chuma na sumaku havipatani. Mwaka 2001 katika jimbo la New York mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa chuma wa oksijeni kuvutwa na mashine ya MRI kwa nguvu. Toeni sarafu, funguo, vibanio vya nywele na simu. Semeni kama mgonjwa ana chuma mwilini, kifaa cha moyo, ama mpira wa kichwani, kwa maana mipira mingine ina sumaku ndogo ndani. Mashine inagonga kwa kelele. Hiyo ni kawaida, si hatari, na mgonjwa hupewa kinga ya masikio. Mtoto mdogo anaweza kuhitaji dawa ya usingizi, kwa hiyo ulizeni kama asile kwanza.

4. Pimeni vichwa. Tepu ya fundi cherehani inatosha. Zungusha juu kidogo ya nyusi na pale nyuma palipotokeza. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na kichwa cha kama sentimita 35. Miezi mitatu ya kwanza kinaongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, mitatu inayofuata sentimita 1, kisha nusu sentimita kwa mwezi hadi mwaka. Kikikimbia kuliko hapo, ama utosi ukavimba, mishipa ya kichwa ikatokeza, akatapika mara kwa mara, au macho yakaelekea chini kama jua linalozama, nendeni hospitali. Msingoje mwezi mwingine. Ubongo uliobanwa muda mrefu haurudi wote.

5. Mtoto mchanga mwenye homa, asiyenyonya, mlegevu ama mwenye degedege ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Maambukizi ya wiki za kwanza ndiyo yaliyoleta vichwa vingi vya Mbale.

6. Kuhusu mgongo wazi, kinga ipo. Ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, na inatakiwa kabla ya mimba. Uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya siku kama 28 za kwanza, wakati mama wengi hawajajua kama ni wajawazito. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa kiwandani, wa mahindi na wa ngano, uongezwe vitamini hii. Lakini sisi wengi tunasaga posho mili, na unga huo hauna nyongeza. Basi kunde, maharagwe, mchicha na mboga nyingine za majani visikose, na akina dada wanaotarajia kuzaa waulize vidonge kliniki mapema.

7. Mtafiti akija kijijini, msimkimbie na msimkubalie kila kitu. Utafiti nchini Kenya unatakiwa uwe na kibali cha NACOSTI na cha kamati ya maadili. Ombeni kukiona. Ulizeni mmefikia hatua gani: ya chupa, ya panya, ama ya watu? Mna haki ya kukataa, na mna haki ya kujitoa, bila mtoto wenu kunyimwa matibabu.

Mzee aliuliza kama picha itamtibu mtoto. Mzee wetu, jibu ni hapana, picha haitibu. Lakini bila picha mpasuaji anaingia gizani, na picha isiyo na swali ni pesa iliyotupwa. Swali lako ndilo lile lile wanalojiuliza wale wa panya na wale wa Mbarara: hii itatusaidia kuamua nini? Endelea kutuuliza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Je, katika kijiji chetu kuna mtoto aliyefichwa kwa sababu ya kichwa kikubwa au mgongo wazi? Nani kati yetu anaweza kumtembelea mama yake wiki hii?
- Nani atatunza tepu na daftari la kupima watoto wachanga, akishirikiana na mhudumu wa afya wa kijiji?
- Tunaweza kuweka mfuko mdogo wa rufaa, ili nauli isisubiri harambee?
- Unga tunaosaga una upungufu gani, na tutaujazia kwa mboga gani za shamba letu?

Vikundi vitakavyojadili maswali haya, tuleteeni majibu yenu. Tungependa wengine wajifunze kutoka kwenu.